Goma: Kituku, bandari ndogo inayolisha mji mkubwa

Jua likitoka tu, Kituku imekwisha kujaa. Wamama wanapita na mabeseni kichwani, vijana wanaingia majini mpaka magotini kupokea mifuko ya makala, na harufu ya sambaza iko kila pembe. Soko na bandari hapa ni kitu kimoja: mzigo unateremka katika chombo, unavuka mawe meusi ya volkano, na bei inaanza kujadiliwa kabla haujakauka.

Kwa uzuri wa mahali, hakuna cha kulaumu. Kituku iko katika mtaa wa Kyeshero, magharibi mwa mji wa Goma, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake kuna mlima Nyiragongo, ambao moto wake ulipita katikati ya mji mwaka 2002 na kufika pembezoni mwaka 2021. Mbele ni maji yasiyo na mamba wala kiboko. Ila wenye kufika asubuhi hawaangalii mlima, wanahesabu mifuko.

Sambaza wenyewe ni wageni katika ziwa hili. Walitolewa Ziwa Tanganyika na kuletwa hapa mwaka 1959, maana Kivu ilikuwa na samaki wachache. Leo ni mboga ya maskini na ya tajiri. Wanavuliwa usiku: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa kati yake, na taa zinawashwa ili kuwavuta samaki juu. Kina kikubwa cha ziwa hakiwafai hata kidogo. Chini huko hakuna oksijeni, kuna gesi ya methane na kaboni tu. Kutoka ufukweni, taa hizo zinaonekana kama mji mwingine ulioota juu ya maji.

Lakini Kituku haiishi kwa sambaza peke yake. Wakati meli za kwenda Bukavu zinatumia bandari iliyo karibu na katikati ya mji, hapa ni mahali pa boti na mitumbwi inayoleta chakula kutoka vijiji vya ufuko, zaidi sana Minova, katika wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Maharagi, vitunguu, mihogo: sehemu kubwa ya kinachopikwa Goma inatoka upande ule.

Zamani mzigo huo ulipita pia kwa lori, kupitia Sake. Mapema mwaka 2024, mapigano kati ya jeshi na M23 yalikata barabara hiyo. Wakati huo kilichobaki kilikuwa ziwa. Watu waliokuwa wakipanda gari wakapanda boti, pamoja na mifuko yao, na boti hazikuongezeka kwa kiasi hicho.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iitwayo Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka mbele ya Kituku ikiwa imebakiza mwendo mdogo kutia nanga. Watu walikuwa wamesimama ufukweni wakiiangalia. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ilikuwa na wasafiri 278, na kwamba 78 walikufa. Hakukuwa na dhoruba. Maji yalikuwa yametulia.

Hilo ndilo jambo la kufikiria. Wengi wanaogopa mawimbi ya ziwa, na wanafanya vizuri, lakini kinachopindua chombo kilichojaa ni uzito. Mzigo ukipangwa juu, boti inakuwa nyepesi kuyumba. Wasafiri wakisimama pamoja upande mmoja kwa sababu nchi kavu inaonekana, inaweza kulala na isiinuke tena.

Amri hazikukosekana. Mwezi wa nne 2019, baada ya ajali nyingine katika maji ya Kalehe ambamo watu karibu 150 walitajwa kupotea, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila msafiri avae koti la kuokolea maisha, lile ambalo wengi wanaliita jile. Jile inasaidia aliyekwisha kuanguka. Haipunguzi mfuko hata mmoja. Kazi ya kupunguza ni ya anayesimama kwenye bandari na orodha ya wasafiri mkononi, mwenye uwezo wa kusema: hapa basi, chombo kimejaa.

Na kusema hivyo ni kugumu kuliko inavyoonekana. Mwenye boti anataka kulipa mafuta ya safari. Mama mwenye vitunguu hawezi kulala Minova akingoja chombo cha kesho, kwa sababu vitunguu vya kukopa vinahesabiwa kwa siku, na mkopeshaji yuko Kituku, anamngoja.