Mita ya Umeme ya Kujitengenezea: Hatari Iko Wapi?

Vijana wa karakana yetu ya ufundi wanajifunza kutengeneza mita ndogo za kupimia umeme unaotumika katika kila chumba cha hosteli. Mita hizi hufungwa baada ya LUKU, upande wetu wa nyaya. Mita ya TANESCO yenyewe hatuigusi. Hesabu zote hufanywa na mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, inayotumia volti 5 tu. Volti 5 hazimdhuru mtu, na hapo ndipo vijana hudanganyika.

Mita haiwezi kupima bila kupata sampuli ya umeme wa ukutani. Huo ni volti 230, na kilele chake hufika karibu volti 325. Katika muundo wa bei nafuu, sampuli hupunguzwa kwa rezista peke yake, na upande hasi wa chipu huunganishwa moja kwa moja na waya wa nyutro. Mita itasoma vizuri kabisa. Lakini hakuna kitu kinachotenganisha kibao cha chipu na umeme mkubwa.

Tulijifunza hilo kwa hasara. Soketi moja ya karakana ilikuwa imefungwa kinyume, waya wa moto mahali pa nyutro. Kijana alipochomeka waya wa kompyuta kwenye kibao ili aingize programu, umeme ulipita kwenye kompyuta kwenda ardhini. Kompyuta iliungua. Yeye alikuwa ameshika plagi yenye mpira, akasalimika. Angeshika kibao chenyewe, tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Sasa tunatumia transfoma ndogo ya kushusha volti 230 hadi 9. Kwa kuwa nyaya zake za kuingilia na za kutokea hazigusani, kibao kinabaki salama hata soketi ikiwa imekosewa. Kwa upande wa ampea tunatumia transfoma ya mkondo, ile inayofumbata waya bila kuukata. Ifumbate waya mmoja tu; ukiweka ya moto na ya nyutro pamoja itasoma sifuri.

Nayo ina hatari yake, ambayo mafundi wengi hawaijui. Ile isiyo na rezista ndani yake lazima ifungiwe rezista kwenye nyaya za kutokea kabla ya kufumbatishwa. Ikiachwa wazi wakati umeme unapita, huzalisha volti kubwa za kurusha mtu.

Majaribio hufanywa nyuma ya fyuzi na kikatio cha miliampea 30, watu wawili wakiwepo. Kugusa kibao hungoja plagi ing'olewe na testa ithibitishe. Kuzima swichi hakutoshi. Kuunganisha kwenye nyaya za jengo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mita tulizotengeneza kwa mtindo wa kwanza tumezing'oa zote.