Kusaka hitilafu kwa Git: kweli au si kweli?

Programu ilikuwa nzima mwezi uliopita, leo imegoma, na katikati yamepita mamia ya mabadiliko. Amri ya git bisect hukusaidia kulipata lile lililoleta hitilafu: inakupa toleo la katikati, unalijaribu, unajibu good au bad. Wengi huiacha kwa hofu zisizo na msingi.

1. Mabadiliko 1,000 yanataka majaribio 1,000.
SI KWELI. Kila jibu huondoa nusu ya yaliyobaki. Majaribio kama 10 yanatosha.

2. Umeme ukikatika, kazi yote imepotea.
SI KWELI. Kila jibu huandikwa kwenye diski papo hapo, katika faili la BISECT_LOG ndani ya folda ya .git. Washa kompyuta, rudi kwenye folda ya mradi, andika git bisect log uone ulipofikia, kisha endelea.

3. Ukijibu vibaya mara moja, unaanza upya.
SI KWELI. Hifadhi kumbukumbu nje ya mradi kwa git bisect log > ../kikao.txt. Fungua faili hilo, futa jibu lenye kosa, kisha toa amri mbili: git bisect reset, halafu git bisect replay ../kikao.txt. Majibu yako sahihi yanarudi yote.

4. Toleo lisilojengeka lihesabiwe bovu.
SI KWELI, na kosa hili huupeleka msako mzima kusikohusika. Toleo usiloweza kulijaribu huna ushahidi nalo. Liruke kwa git bisect skip. Ukiiachia skripti kazi kupitia git bisect run, irudishe 0 kwa toleo zima na 125 kwa la kuruka. Namba nyingine kuanzia 1 hadi 127 ni bovu. Zaidi ya hapo, msako husimama.

5. git bisect reset hufuta kumbukumbu ya kikao.
KWELI. Msimbo wako hauguswi, nawe unarudishwa kwenye tawi ulikoanzia, lakini majibu yote hufutwa. Kwa hiyo usiifunge kazi kabla ya kuhifadhi kumbukumbu. Mwenzako mwenye historia ileile ya mradi ataicheza upya na kufika ulipofika. Hapo atayapima majibu yako mwenyewe badala ya kukubali kwa neno lako tu.