Ualbino: yanayosemwa na jeni, na yanayosemwa na wauzaji

Ualbino ni hali ya kurithi ambayo kwayo mwili hautengenezi melanini, yaani rangi ya ngozi, nywele na macho, au huitengeneza kwa uchache mno. Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini hali hii ni adimu: hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwa Tanzania, kadirio linalotajwa mara nyingi ni mmoja kati ya 1,400.

Mwaka 1995 mwanajenetiki wa Marekani, Richard Spritz, pamoja na wenzake, akiwamo Dk. Jeff Luande wa Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya kuchunguza jeni iitwayo OCA2 kwa Watanzania wenye ualbino. Nakala nyingi zenye kasoro zilikuwa na pengo lile lile: kipande cha herufi za vinasaba zipatazo 2,700 kimedondoka. Pengo hilo hilo limeonekana katika nchi nyingine za Afrika na kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo wataalamu huliona kuwa limetoka kwa babu mmoja wa kale sana. Si tukio jipya la nyumba hii au ile.

Kila mtu hupokea nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja yenye pengo ana rangi ya kawaida wala hajijui. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Hesabu inayotokana na kadirio la mmoja kati ya 1,400 huonyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya 19 ni mbebaji. Twasisitiza jambo hili kwa sababu wapo wanawake waliofukuzwa majumbani wakidaiwa kuzaa nje ya ndoa. Ukweli ni kinyume: katika ualbino wa aina hii mtoto amerithi kwa wazazi wote wawili, na baba anayelaumu ni mbebaji vilevile.

Sasa tuje dukani. Pengo la jeni limo katika kila seli tangu kutungwa mimba; hakuna sabuni, kidonge wala mafuta ya kupaka yanayoliziba. Bidhaa yoyote inayoahidi “kurudisha rangi” isinunuliwe, hata ikiwa na cheti kilichobandikwa ukutani.

Mafuta ya kukinga jua, kwa upande mwingine, si urembo. Saratani ya ngozi ni miongoni mwa mambo yanayofupisha maisha ya watu wenye ualbino katika ukanda wetu, nayo huweza kuzuilika. Tazama kwanza herufi SPF kwenye chupa: iwe 30 au zaidi. Kisha tafuta maelezo kwamba bidhaa huzuia mionzi ya UVA na UVB pia, maana SPF hupima hasa UVB. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na uikatae chupa iliyoanikwa juani mbele ya duka, kwani joto huiharibu dawa iliyomo. Paka kwa wingi, na urudie kila baada ya saa mbili mkiwa nje. Kofia yenye ukingo mpana na mikono mirefu hubaki vya lazima. Mafuta peke yake hayatoshi. Angalizo: rafu hiyo hiyo huuza krimu za kuchubua, nyingine zikiwa na zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini. Zisichanganywe.

Kuhusu vipimo vya vinasaba vinavyoagizwa kwa intaneti, ambapo mtu hutema mate katika kichupa na kukituma ng’ambo, tunashauri tahadhari. Vingi husoma herufi moja moja zilizochaguliwa mapema, tena aghalabu zile zilizochunguzwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Pengo la herufi 2,700 laweza kupita bila kuonekana, na jibu la “hakuna kasoro” likampotosha mchumba anayetaka kujua kama ni mbebaji. Uliza kwa maandishi, kabla ya kulipa, kama kipimo hutafuta pengo hilo la OCA2. Uliza pia sampuli itahifadhiwa wapi, nani ataiona, na itaharibiwa lini. Nchini, matumizi ya vinasaba vya binadamu yana sheria yake ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na taarifa binafsi zinalindwa na sheria ya mwaka 2022. Kampuni iliyoko ng’ambo ni vigumu kuifikia kwa sheria hizo.

Familia ambayo tayari ina mtoto mwenye ualbino haihitaji kipimo ili kuanza kumkinga. Fedha hiyo inunue kwanza kofia, mafuta, na nauli ya kwenda kliniki ya ngozi na ya macho.