Mona Lisa mwenye masharubu

Hebu chukua kadi ya posta yenye picha ya Mona Lisa, kisha umchoree masharubu. Marcel Duchamp alifanya hivyo mwaka wa 1919, na wasanii wanaotumiana kazi zao kwa barua bado wanamuiga, kila mmoja kwa mzaha wake. Mwaka wa 1957 Yves Klein naye alibandika stempu yake ya buluu tupu kwenye mialiko ya maonyesho yake jijini Paris. Posta ikaigonga muhuri, ikapita!

Lakini wewe chunga, msee. Kumtania mkongwe ni kumheshimu. Kuuza nakala ukidai ni yake ni wizi, na stempu feki inaweza kukutia ndani. Andika jina lako nyuma ya kadi, halafu ununue stempu halisi.