Tume huundwa na kuvunjwa, dhulma hubaki

Kila sifa njema ni ya Allah, Muadilifu asiyemdhulumu yeyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mfanyabiashara anayetoka Songea, Lubumbashi au Moroni kuja Kariakoo kununua mali, mara nyingi huwa na fedha taslimu mwilini. Akipita Mtaa wa Kongo au Msimbazi huushika mfuko wake kwa kumhofia kibaka, na hiyo ni hofu ya kawaida ya soko. Ipo hofu ya pili isiyosemwa kwa sauti. Ni hofu ya kusimamishwa na mwenye silaha ya dola, kuulizwa fedha zile kazipata wapi, kisha asijue amlalamikie nani. Mwizi hushitakiwa polisi. Askari mwovu je, hushitakiwa wapi? Hilo ndilo suala letu la leo.

Hofu hii haikuzuka bure. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, pamoja na dereva wa teksi wa hapa Dar es Salaam, walikamatwa Sinza, wakapelekwa katika msitu wa Pande na kuuawa kwa risasi. Maelezo ya awali ya polisi yalikuwa kwamba wale ni majambazi waliokufa katika mapambano. Ndugu wa marehemu walikataa maelezo hayo, na Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa. Tume ilibaini kuwa watu wale hawakuwa majambazi.

Askari kadhaa walifikishwa mahakamani, akiwamo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, Abdallah Zombe. Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru washitakiwa wote. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja tu, Christopher Bageni, ikamhukumu kunyongwa, na ikathibitisha kuachiwa kwa Zombe na wengine. Hatuna neno la kuongeza juu ya hukumu ya mahakama, kwani kadhi huhukumu kwa ushahidi uliowekwa mbele yake. Tunachouliza ni nani aliyeukusanya ushahidi huo. Tume ilipomaliza kazi yake, upelelezi ulirudi mikononi mwa Jeshi la Polisi lenyewe. Kwa watu wanne waliouawa, familia zao zilingoja zaidi ya miaka 10, na aliyetiwa hatiani ni mmoja.

Mtu angeweza kusema hayo ni ya zamani. Lakini Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa mkoani Mtwara, baada ya kudai fedha zake zilizokuwa zimechukuliwa na askari. Askari saba walishitakiwa, na Juni 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu kifo wawili kati yao. Miaka 16 ilipita kati ya Pande na Mtwara, na kisa kimejirudia: raia mwenye fedha, askari mwenye bunduki, na maiti.

Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alisema hadharani kwamba polisi haiwezi kujichunguza yenyewe, akamwagiza Waziri Mkuu aunde kamati nyingine. Kauli hiyo ni kweli tupu. Basi tuifuate mpaka mwisho wake. Kama haifai kujichunguza katika kisa kimoja cha Mtwara, itafaaje kujichunguza katika malalamiko ya kila siku ya Msimbazi, Magomeni na Buguruni?

Desturi yetu imekuwa kuunda tume damu inapomwagika. Baada ya mauaji ya Januari 2001 kule Zanzibar iliundwa tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Mwaka 2006 ikaja ya Jaji Mussa. Mwaka 2022 ikaja kamati ya Mtwara. Baada ya umwagaji damu wa Oktoba 29, 2025, ikaundwa tume nyingine chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ina siku zake. Huhoji, huandika, hukabidhi, huvunjwa. Na aliyepigwa kituoni usiku wa jana, bila ya kufa na bila ya kuandikwa magazetini, haundiwi tume.

Wazee wetu katika elimu walilitambua jambo hili kitambo. Katika dola za Kiislamu palikuwa na diwani ya madhalimu, yaani baraza la kudumu la kusikiliza malalamiko dhidi ya magavana, watoza kodi na watu wa serikali. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliliandikia mlango mzima katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Baraza hilo lilitengwa na mahakama ya kawaida kwa sababu mtu mwenye cheo huweza kumshinda kadhi kwa haiba yake. Wala baraza halikulazimika kumngoja mlalamikaji aje. Liliweza kulianza lenyewe suala la dhulma ya watawala.

Tuangalie sasa sheria zetu. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, asili yake ni ya mwaka 1939, zama za Mwingereza, ambapo askari aliwekwa kumlinda mtawala dhidi ya mtawaliwa. Malalamiko dhidi ya askari bado huishia kwa wakubwa wake. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, huchunguza na kutoa mapendekezo, lakini haifungui mashitaka ya jinai. Sheria ya Ushahidi nayo inaruhusu maungamo yaliyotolewa mbele ya polisi kutumika dhidi ya mshitakiwa, alimradi yametolewa kwa hiari. Hiari hiyo hutazamwa na nani, ilhali chumbani walikuwamo wawili tu, mwulizaji na mwulizwa? Maadamu maungamo ya kituoni yana thamani mahakamani, fimbo nayo itakuwa na kazi.

Mageuzi yanawezekana. Mwaka 2008 sheria iliweka mashitaka chini ya ofisi ya taifa inayojitegemea, wala mbingu haikuanguka. Julai 2023 tume ya haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Othman huyohuyo, ilipendekeza chombo huru cha upelelezi, na Jeshi la Polisi ligeuzwe kuwa huduma.

Majirani zetu wa Kenya walitangulia kwa sheria ya mwaka 2011 iliyounda mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Agosti 2014 binti wa miaka 14 alipigwa risasi na kufa nyumbani kwao Kinango, Kwale. Polisi walidai aliwatishia kwa panga. Mamlaka ile ilichunguza yenyewe, na mwaka 2016 askari wawili walifungwa miaka saba kila mmoja. Iliwachukua mwaka mmoja na nusu, si kumi. Hatusemi Kenya imepona. Waliouawa katika maandamano ya mwaka 2024 ni ushahidi kwamba haijapona. Lakini mlalamikaji wa Kwale alikuwa na mlango wa kubisha.

Uadilifu unatutaka tumtazame na askari. Julai 2015 askari waliuawa katika kituo cha Stakishari, Ukonga, na Aprili 2017 wanane waliuawa kwa mpigo Kibiti. Askari mwema hufanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo, kisha hubeba lawama za mwenzake mwovu. Chombo huru kitamsafisha huyu mwema kwa ushahidi wa kuaminika, jambo ambalo jeshi lenyewe haliwezi kumfanyia, kwa kuwa hakuna atakayeliamini.

Kwa hiyo tunachokiomba kwa wabunge wetu kinatamkika kwa maneno machache: ofisi ya kudumu, kwa sheria ya Bunge, yenye wapelelezi wake wasiovaa sare ya polisi, yenye uwezo wa kuingia kituo chochote saa yoyote na kupeleka jalada moja kwa moja kwa Mkurugenzi wa Mashitaka. Na maungamo ya kituoni yasipokelewe isipokuwa yametolewa mbele ya hakimu.

Nasi raia tuna wajibu. Ukikamatwa, uliza sababu. Ni haki yako kuelezwa. Taka ndugu au wakili ajulishwe. Dhamana ya polisi hainunuliwi, basi usiinunue, maana mtoa rushwa na mpokeaji wote wamo dhambini. Ukiona jirani yako wa meza anadhulumiwa, andika siku, saa na namba ya askari, na uwe tayari kusimama shahidi. Kuficha ushahidi ni kumsaidia dhalimu.

Tunamwomba Allah awape viongozi wetu ujasiri wa kuweka sheria itakayowabana hata watu wao, na awalipe subira njema waliofiwa. Amin.