Fahamu: Je, rekodi ya polisi humzuia kijana kuingia chuo kikuu?

Msako ukipita Magogoni, Kisauni, na kijana akashikwa, mzazi huona chuo kikuu ndiyo basi tena. Sivyo. KUCCPS, inayogawa nafasi za vyuo, hutazama alama za mtihani wa KCSE, angalau C+ kwa digrii. Hata katika gereza la Shimo la Tewa, jirani tu, wafungwa wamefanya mitihani ya taifa.

Kizingiti kiko mbele: cheti cha mwenendo mwema, ambacho rekodi ya polisi inaweza kukichafua. Idara ya upelelezi, DCI, huchukua alama za vidole na ada ya shilingi 1,050, na waajiri wengi hudai cheti hicho. Digrii unayo, kazi huna. Hapo ndipo panapouma.

Hata Marekani, fomu ya pamoja ya kuomba vyuo, Common App, iliacha mwaka 2019 kuwauliza waombaji wote kuhusu hukumu zao.

Kwa hivyo, mzazi, mwanao akishikwa mtafutie wakili, lakini usimwondoe shuleni.