Haut-Lomami: Kutoka Kamina hadi chini ya Tanganyika, cheti cha mzamiaji wa sayansi kinapatikanaje?

Samaki wengi wanaouzwa sokoni Kamina wanatoka Bukama, Kikondja na Malemba-Nkulu, kwenye maziwa ya bonde la Upemba. Mji una chuo kikuu, UNIKAM. Lakini mwanafunzi wa hapa anayetaka kwenda kuwaona samaki wanapoishi, chini ya maji, na kurudi na hesabu inayokubaliwa na wanasayansi wengine, ana safari ndefu mbele yake.

Upemba wenyewe haumfai. Maji yake ni mafupi na yenye matope, mamba na viboko wamo. Huko wavu na mtumbwi vinatosha. Mahali pa kuzamia ni Tanganyika, ambako jua linafika mbali chini ya maji na miamba imejaa samaki wasiopatikana pengine popote duniani. Ziwa hilo lina kina cha mita 1.470, na karibu asilimia 45 ya eneo lake iko upande wa Kongo. Mzamiaji hana haja ya kwenda kina chote hicho: aina nyingi za samaki wa miamba zinaishi karibu na juu, na chini sana hakuna oksijeni.

Kazi hiyo imekwisha kufanyika. Kati ya mwaka 1995 na 2000, mradi wa kuhifadhi viumbe wa Tanganyika ulifundisha watafiti wa Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia kuzamia na mitungi ya hewa. Upande wa Kongo ilikuwa kituo cha utafiti wa maji cha Uvira, CRH. Walipita chini ya maji wakihesabu samaki kwa macho, bila kuwaua. Vita vya 1996 na 1998 viliwabana sana Wakongomani, na sehemu kubwa ya pwani yao haikufikika.

Cheti kinadai nini? Shirika la vyuo vya Marekani, AAUS, linataka masaa 100 ya mafunzo na angalau mizamio 12 katika maji ya wazi. Ulaya inadai zaidi: mizamio 70, na 20 kati yake iwe ya kazi ya sayansi. Cheti cha mtalii hakitoshi, kwa sababu mtalii anaangalia tu, wakati mtafiti anaandika, anapima, anakusanya, huku akichunga hewa yake na ya mwenzake.

Hatari yenyewe haionekani. Kila mita 10 za maji zinaongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Naitrojeni ya hewa anayovuta mzamiaji inaingia katika damu na nyama za mwili. Akipanda haraka, inatoka kama povu la chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Viungo vinauma, miguu inaweza kupooza, mtu anaweza kufa.

Tanganyika inaongeza shida nyingine. Uso wake uko karibu mita 770 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo hesabu za muda zilizotengenezwa kwa bahari lazima zirekebishwe. Na kazi haiishi mtu akitoka majini: aliyezamia Uvira asubuhi hapaswi kupanda gari la Bukavu jioni hiyo hiyo, maana mlima nao unapunguza uzito wa hewa. Kamina pia iko juu kuliko ziwa.

Kongo haikosi watu wa kuzamia. Kwenye mto Kasai, vijana wanashuka kutafuta almasi wakivuta hewa ya kompresa kwa mpira, bila daktari, bila hesabu ya muda. Ujasiri wanao kuliko wanafunzi wengi. Wanachokosa ni hayo masaa 100.

Kinachoweza kuanzia Kamina ni sehemu isiyohitaji mtungi. Kabla ya yote, mwanafunzi anapimwa na daktari: masikio, mapafu, moyo. Anaonyesha kwamba anajua kuogelea. Anajifunza huduma ya kwanza, kumrudishia mtu pumzi na kumpa oksijeni. Aliyemaliza hayo anafika ziwani akibakiza maji tu, na mwalimu.